Ziwa Lililodhaniwa Bahari

Mwezi Februari mwaka 1858, baada ya safari ya miezi saba na ushei kutoka pwani, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliingia Ujiji wakiwa taabani, mmoja homa imemwondolea nguvu za miguu na wa pili maradhi yamemfunika macho hata ziwa aliloliendea mbali hakuliona ila kwa ukungu; nao hawakuwa wavumbuzi wa njia ile, kwa kuwa Waarabu na Waswahili wa mwambao walikuwa wameizoea miaka mingi kabla yao, wakifuata pembe za ndovu na, kwa masikitiko ya historia yetu, wanadamu wa kuuza. Lakini Speke alifanya jambo moja ambalo matajiri wa misafara hawakuwa na haja nalo: alikusanya makombe ya konokono na ya kome wa ziwani, akayatia katika mizigo yake, akarudi nayo kwao. Katika mizigo ile midogo ndimo ulimozaliwa mjadala uliowashughulisha wataalamu wa maumbile kwa muda wa zaidi ya nusu karne, na ambao jawabu lake, lilipopatikana, lilikuwa la ajabu kuliko dhana zote zilizotangulia.

Mwaka 1859 Samuel Woodward, bingwa wa makombe huko London, aliyaeleza yale ya Speke na kuyapa majina. Kome mmoja akamwita kwa jina la Burton. Na konokono mmoja mwenye matuta mgongoni akamwita nassa, jina ambalo wataalamu walikuwa wamekwisha kulitumia kwa konokono wa baharini. Miaka ishirini baadaye Edward Hore, baharia aliyegeuka mmisionari na kufika Ujiji mwaka 1878 kwa niaba ya chama cha misheni cha London, akapeleka kombe jingine lililowastaajabisha zaidi, nalo likaandikwa vitabuni mwaka 1880 kwa jina la Tiphobia horei. Ni kombe jepesi, jembamba kama ganda la yai, limezungukwa begani na miiba mirefu iliyochongoka, na mwenyewe huishi juu ya tope laini katika maji ya kina, mahali ambapo kitu kizito kingedidimia. Mtu wa Lamu au wa Unguja akiwekewa kombe hili mkononi bila ya kuambiwa latoka wapi, hatasita kusema kwamba limeokotwa mwambani baada ya maji kupwa. Na akiambiwa kwamba latoka katika maji matamu, umbali wa zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari ya Hindi, atadhani anafanyiwa mzaha.

Kisha, mwaka 1883, Mjerumani Richard Böhm akamwona konyeza ziwani. Watu wa pwani wanamjua konyeza vema, maana ni nani aliyeogelea katika kaskazi asiwashwe naye japo mara moja? Huyu wa Tanganyika ni mdogo, upana wake hauzidi sana sentimita mbili, ni bapa, mwangavu hata huwezi kumwona majini isipokuwa jua limpige kwa upande, na nyuzi zake nyembamba zinazomzunguka ukingoni hunasa vijidudu visivyoonekana kwa macho wala hazimdhuru mwanadamu. Kuna nyakati ambapo hawaonekani kabisa, na nyakati ambapo huelea kwa maelfu karibu na uso wa maji, wakifumba na kufumbua miili yao kwa pamoja. Böhm hakuishi kuona mshindo wa habari yake, kwani alifariki Katanga mwaka 1884. Lakini konyeza katika maji matamu, katikati ya bara la Afrika, alikuwa ni hoja ambayo haikuweza kupuuzwa.

Hapo ndipo alipojitokeza J. E. S. Moore, mtu mwenye bidii na mwenye kujiamini, aliyekuja ziwani mara ya kwanza mwaka 1895 na mara ya pili mwaka 1899, akavua, akazamisha nyavu, akapasua na kuchora, kisha mwaka 1903 akatoa kitabu kikubwa juu ya lile aliloliita tatizo la Tanganyika. Hukumu yake ilikuwa hivi: kwamba zamani za kale mno, katika zama ambazo mijusi mikubwa ilitawala nchi, bahari ilifika mpaka hapa; kwamba ilipojitenga iliacha nyuma kipande chake; na kwamba konokono wale, na konyeza yule, ni mabaki ya watu wa bahari ile, waliosahauliwa na wakati, wakabaki kama walivyokuwa. Ni nadharia nzuri, na uzuri wake ndio uliokuwa hatari yake, kwa sababu ilikidhi kila kitu kilichoonekana kwa macho na haikuuliza lolote juu ya kilichokuwa hakijaonekana.

Mwaka 1904 akapelekwa mwingine, William Cunnington, mtu wa taratibu zaidi, naye alipomaliza kupima na kulinganisha, kazi iliyomchukua miaka hata akatoa matokeo yake kamili mwaka 1920, alionyesha kwamba bahari ya Moore haikuwapo. Konyeza wa jamii ile ile walikuwa wamekwisha kuonekana katika ziwa Viktoria na katika mto Niger, mahali ambapo hapakudaiwa kuwa kipande cha bahari ya kale. Na konokono wale, walipochunguzwa nyama zao na si makombe yao tu, walidhihirika kuwa ni jamaa wa konokono wa mito na maziwa, waliovaa mavazi ya baharini. Basi kama hawakutoka baharini, kwa nini wakafanana na wa baharini? Swali hili Cunnington alilijibu kwa neno moja ambalo naliona ni zito kuliko kitabu kizima cha Moore: muda.

Ziwa Tanganyika ni mzee. Bonde lake lilianza kupasuka na kujaa maji miaka milioni tisa hadi kumi na mbili iliyopita, na tangu wakati huo halikukauka kabisa, ilhali maziwa mengi ya duniani hayana umri hata wa miaka elfu ishirini. Urefu wake ni kama kilomita 670, kina chake hufika mita 1,470, hata likawa la pili kwa kina ulimwenguni baada ya Baikal la Urusi, na sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, ingawa uso wake umeinuka mita zaidi ya 770 juu ya usawa huo. Karibu sehemu moja ya sita ya maji matamu yaliyo wazi juu ya uso wa dunia imo humu. Lakini sehemu kubwa ya ghala hili haina uhai wa samaki wala wa konokono, kwa kuwa ukishuka kiasi cha mita mia moja upande wa kaskazini, au mia mbili upande wa kusini, hewa ya oksijeni inakwisha, na chini ya hapo ni giza na maji mazito yasiyobadilika. Viumbe wote ninaowataja katika sura hii, isipokuwa vijidudu vichache, huishi katika ngozi nyembamba ya juu na katika ukanda wa miamba, mchanga na tope unaolizunguka ziwa.

Katika ukanda huo ndimo ilimopiganwa vita iliyowavika konokono deraya. Wamo ziwani kaa wasiopatikana penginepo popote duniani, na mmoja wao, Platythelphusa armata, ana magando makubwa kuliko mwili wake unavyoelekea kustahimili, gando moja likiwa nene la kuponda na la pili jembamba la kukata. Akimpata konokono humgeuza, humpapasa, humwingiza mdomo wa kombe katika gando, na kuvunja ukingo kidogo kidogo. Sasa chukua konokono mmoja wa miambani, wa jamii ya Lavigeria, ambao wametapakaa katika kila ghuba ya Kigoma, ukampanguse kwa kidole na kumweka karibu na jicho: utaona, katikati ya matuta yake yaliyopangika sawasawa, mshono uliopinda, mahali ambapo mstari wa kombe umekatika kwa meno ya msumeno na kisha kuendelea upya kwa rangi iliyofifia kidogo. Hilo ni kovu. Konokono yule alishikwa na kaa, akavunjwa ukingo, akaponyoka, akajijenga tena. Wataalamu wamepima nguvu za makombe haya na kuziona zimeshinda kwa mbali zile za konokono wa kawaida wa maji matamu, na wamehesabu makovu yake wakayakuta ni mengi mithili ya yale ya baharini. Maana baharini nako kuna kaa, na vita ni ile ile, na silaha ambayo kaa hulazimisha ni hiyo hiyo: kombe nene, matuta, mdomo uliokunjwa. Bahari haikuacha kitu Tanganyika. Tanganyika, kwa kupewa mamilioni ya miaka na adui mmoja mwenye magando, ilitengeneza ya kwake.

Hapa nataka kusimama kidogo juu ya majina. Spekia ni konokono wa miambani mwenye mikanda, aliyepewa jina la Speke. Lavigeria ni kwa jina la Kardinali Lavigerie, ambaye mapadre wake walifika Ujiji mwezi Januari mwaka 1879. Horei ni kwa Hore, na burtoni kwa Burton. Wote wamo. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani na mkono wa kuume wa Speke katika safari ile, hamo, wala hawamo watu wa Ujiji waliojua ghuba ipi ina kombe gani. Sisemi hivi kwa kuwapunguzia heshima waliotajwa, bali kwa kuwa elimu hii ilikuwa na mikono mingi, na daftari lake likaandika michache.

Konokono akifa kombe lake halipotei. Yuko mmoja, Neothauma, mkubwa na laini, ambaye makombe yake matupu yamelimbikana mchangani kwa eneo kubwa, hata pahali pengine mtu akipiga mbizi haoni mchanga kwa wingi wa makombe, na mengi ya hayo ni ya kale sana. Humo ndimo wanamokaa baadhi ya samaki wa jamii ya perege. Jamii hiyo peke yake ina aina zaidi ya mia mbili katika ziwa hili, na karibu zote hazipatikani pengine. Lakini katika zote hizo, kama ningeambiwa nichague moja ya kumwonyesha mgeni, ningechagua Lamprologus callipterus, kwa sababu katika wanyama wote wanaojulikana ambao dume ni mkubwa kuliko jike, hakuna ambao tofauti yao imefika mbali hivi. Dume ana uzito wa zaidi ya mara kumi na mbili ya mke wake.

Sababu yake imo ndani ya kombe. Dume hukusanya makombe matupu kwa kuyabeba mdomoni, moja moja, akayarundika mahali pamoja mpaka yakafika makumi, na pengine kupita mia; na kwa kuwa kombe ni zito kwa samaki, dume mdogo haliwezi. Jike naye huingia ndani ya kombe, akataga, akakaa humo siku kumi na zaidi akiyapepea mayai yake kwa mapezi. Na kwa kuwa mlango ni mwembamba, jike mkubwa hapiti. Basi kombe limemwamuru mume akue na mke asikue. Dume hawezi kuingia, hivyo humwaga mbegu mlangoni. Na muda wote anaolinda rundo lake huacha kula, akaishi kwa mafuta ya mwili, huku akiwavizia majirani awaibie makombe. Naye huiba bila ya kuchagua: akikuta kombe lina jike wa mwenziwe ndani, hulibeba hivyo hivyo, na aghalabu jike yule na mayai yake huishia kubaya.

Wala mambo hayaishii hapo, kwani liko kundi la tatu, la madume madogo sana, wenye uzito usiofika sehemu moja ya ishirini ya dume mwenye rundo, ambao hungojea karibu, na jike anapotaga hupenya mlangoni, wakampita jike mwenyewe, wakajibanza katika ncha ya ndani kabisa ya kombe, nyuma ya mayai, mahali ambapo mbegu zao zatangulia kufika. Watafiti waliowachunguza upande wa Zambia wamegundua kwamba kimo hiki hakiletwi na njaa wala bahati mbaya, bali hurithiwa: mwana wa kiume wa mkubwa huwa mkubwa, na wa mdogo huwa mdogo, kwa nasaba ya baba.

Liko jambo jingine la nyumba na ulezi ambalo mtu akilisikia hushika kidevu. Samaki wengi wa ziwa hili hulea mdomoni: mama akitaga huyaokota mayai yake upesi, akayaweka kinywani, akakaa nayo bila ya kula hadi vifaranga wawe na nguvu. Hakuna mahali pa amani kushinda hapo, na kwa hivyo ndipo palipotafutiwa hila. Synodontis multipunctatus, samaki wa madoa wa jamii ya wale waitwao gogogo, huwangojea samaki wawili wanapotaga, akajitupa kati yao kwa ghafula pamoja na mwenzi wake, akala baadhi ya mayai na kuacha ya kwake. Na mama, katika haraka ya kuokota, huyaokota yote. Mayai ya mgeni huanguliwa kwanza. Vifaranga wake, wakiwa ndani ya kinywa cha mama asiye wao, hula mayai na watoto wa mwenyeji mmoja baada ya mmoja, na mama yule huendelea kuwalinda kwa moyo wake wote, mpaka siku anapofumbua kinywa akatoa watoto wenye ndevu. Tetsu Sato, Mjapani, ndiye aliyelithibitisha jambo hili mwaka 1986. Ndege wanaotaga katika viota vya wenzao wanajulikana tangu enzi. Samaki mwenye tabia hiyo hakuwa amejulikana.

Wajapani wenzake Sato, kwa miaka mingi ya kupiga mbizi upande wa Kongo, ndio waliotufahamisha juu ya Perissodus microlepis, mla magamba, ambaye mdomo wake umepinda upande. Aliyepinda kulia humvamia samaki mwingine kwa nyuma na kumnyofoa magamba ya ubavu wa kushoto. Aliyepinda kushoto hunyofoa ya kulia. Michio Hori, katika makala yake ya mwaka 1993, alionyesha kwamba hesabu ya makundi haya mawili hupanda na kushuka lakini haiachi kurudi katika nusu kwa nusu, kwa kuwa wa kulia wakizidi, samaki wote huzoea kujihadhari ubavu wa kushoto, na wachache wa upande wa pili wakaneemeka. Yuko pia fira wa majini, anayewinda samaki kati ya mawe na ambaye wavuvi hukutana naye nyavuni. Ana sumu kali, ila ni mwoga, na akiachwa huenda zake. Na yuko kuhe, mkubwa wa jamii yote ya perege duniani, anayekaribia urefu wa mkono wa mtu mzima, ambaye mume na mke hulinda watoto wao maelfu kwa pamoja.

Nimewapita hawa kwa haraka kwa sababu nataka nafasi ya kumzungumza mmoja ambaye hakuna aliyemdhania ajabu. Moore alipokuwa akiwatafuta watoto wa bahari katika makombe, kila usiku wa giza la mwezi wavuvi walikuwa wakitoka pwani ya Ujiji na Kigoma, wakiwasha moto juu ya mitumbwi, kisha miaka ya baadaye karabai, na siku hizi taa za betri na jua, wakiwavuta dagaa juu na kuwazoa. Dagaa hawa, wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa, ni jamii moja na simu wa mwambao wetu. Na uchunguzi wa nasaba zao, uliotolewa mwaka 2008 kwa kulinganisha chembe za urithi za dagaa wa mito na maziwa ya Afrika, umeonyesha kwamba babu zao waliingia kutoka baharini, si kwa bahari ya Moore, bali kupitia Afrika Magharibi, miaka kati ya milioni 25 na 50 iliyopita, wakati bahari ilipopanda na kuingia nchi kavu. Wakazoea maji matamu, wakafuata mito, na mwishowe baadhi ya kizazi chao wakalipata ziwa hili. Konokono walio na sura ya bahari si wa bahari, na samaki anayeanikwa mchangani Kibirizi kwa magunia, asiyetazamwa mara mbili na mtu yeyote, ndiye aliye na asili hiyo.

Hata tabia ya bahari hawakuiacha. Mchana hushuka chini, usiku hupanda wakifuata vijidudu wanavyokula, na nyuma yao hufuata mgebuka, samaki mrefu wa rangi ya fedha ambaye hana maisha pasipo wao. Hivyo katikati ya ziwa kuna chakula cha mfuatano kama kilivyo katika bahari kuu, kwa viumbe wachache na kwa wingi usio kifani. Mfuatano huo wote hutegemea upepo. Kusi inapovuma, kuanzia Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini hupanda yakileta rutuba iliyolala gizani. Lakini uso wa ziwa umezidi kupata joto, na maji ya joto, kwa kuwa ni mepesi, huelea juu ya yale ya baridi na kukataa kuchanganyika nayo. Mwaka 2003 wataalamu waliosoma matope ya sakafu ya ziwa walikadiria kwamba uzazi wa mimea midogo ya majini, ambayo ndiyo msingi wa yote, ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba upungufu huo ungeweza kupunguza samaki kwa kiasi cha asilimia 30. Ukiongeza juu ya hayo nyavu za macho madogo na taa zilizozidi kuwa nyingi, haishangazi kwamba serikali ililifunga ziwa upande wa Tanzania, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, ili samaki wapate kuzaa.

Miezi mitatu ile ilikuwa mizito kwa wanaoishi kwa mwalo: kwa mvuvi mwenyewe, kwa mama anayeanika, kwa mchukuzi, na kwa mwenye duka ambaye mauzo yake hufuata mwezi. Hata hivyo naiona ilikuwa haki. Dagaa huishi kwa muda mfupi, kama mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, na kizazi chake kikipata nafasi hujirudisha upesi kuliko cha samaki mkubwa. Wanaofanya kazi katika taasisi ya utafiti wa uvuvi pale Kigoma wanaweza kuupima upesi huo msimu kwa msimu, kwa mizani na kwa rula, kutoka katika ndoo zile zile zinazoshushwa alfajiri.